Sheria ya Ujira na Hesabu za Wenye Biashara

Katika jimbo la Washington, lililo pwani ya magharibi ya Marekani, na ambalo mwanafunzi asilichanganye na mji mkuu wa nchi hiyo wenye jina lilo hilo, uko mji mdogo uitwao Wenatchee. Mji huo ni mashuhuri kwa matofaa yake. Katika mwaka wa 1933, wakati biashara ya dunia ilipokuwa imezorota na mamilioni ya watu walikuwa hawana kazi, mwanamke mmoja, jina lake Elsie Parrish, aliajiriwa katika hoteli ya mji huo iliyoitwa Cascadian. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya wageni. Ujira wake ulikuwa senti 22 kwa saa, na baadaye senti 25. Siku zake za kazi hazikuwa sawasawa: alipohitajiwa aliitwa, asipohitajiwa alikaa nyumbani.

Alipoachishwa kazi mwaka wa 1935 alidai fedha alizoamini kuwa ni haki yake. Jimbo la Washington lilikuwa limetunga sheria tangu mwaka wa 1913 ya kuwalinda wanawake na watoto wenye kuajiriwa, na kwa nguvu ya sheria hiyo halmashauri ya jimbo ilikuwa imekata kwamba mwanamke wa kazi kama yake asilipwe chini ya dola 14 na nusu kwa juma la saa 48. Mwanafunzi akigawanya hesabu hiyo ataona kwamba ni kama senti 30 kwa saa. Tofauti ya senti tano au nane kwa saa yaonekana kuwa ndogo sana. Lakini ilipojumlishwa kwa muda wote aliofanya kazi, ilifika dola 216 na senti 19. Hoteli ilitaka kumpa dola 17 ili mambo yaishe. Bibi huyo alizikataa, akaenda mahakamani pamoja na mumewe.

Nimeanza na hoteli moja na mtumishi wake mmoja kwa sababu habari za mishahara zikisimuliwa kwa maneno makubwa matupu hazishikiki. Ndani ya dola hizo 216 mlikuwamo ugomvi mzima ambao haujaisha hata leo. Mtumishi alisema: hizi ni jasho langu. Tajiri wake, kwa maana ya kale ya neno hilo, yaani mwenye kuajiri, alisema: tulipatana bei nawe ukaridhika, basi serikali yaingiaje kati yetu? Na nyuma ya neno hilo la tajiri lilikuwako jingine, ambalo kila mwenye biashara hulisema serikali inapoongeza kima cha chini cha mshahara: nikilipa zaidi, nitafunga. Basi insha hii yataka kulipima neno hilo la mwisho, kwa kuwa ni neno lenye uzito, na historia imelijibu kwa namna zaidi ya moja.

Sheria za namna hii hazikuzaliwa Marekani. New Zealand ilianza mwaka wa 1894, jimbo la Victoria katika Australia likafuata mwaka wa 1896, na Uingereza mwaka wa 1909. Mahali pote huko sababu ilikuwa moja: wanawake na watoto walioshona nguo au kutengeneza viboksi katika vyumba vya giza, kwa saa nyingi, kwa ujira usiotosha hata chakula. Huko Marekani jimbo la kwanza lilikuwa Massachusetts, mwaka wa 1912. Sheria yake haikuwa na adhabu ya faini wala kifungo; mwenye kulipa chini ya kima kilichokatwa aliandikwa jina lake gazetini, basi. Serikali kuweka aibu mahali pa faini ni jambo la kuchekesha kidogo, ijapokuwa mwenye duka aliyezaliwa katika mji mdogo, anayejua jinsi maneno yanavyotembea, pengine hatacheka. Mwaka uliofuata majimbo mengine manane yalitunga sheria za namna hiyo, na Washington lilikuwa mojawapo. Zote ziliwahusu wanawake na vijana tu. Wanaume, yalidhaniwa, waweza kujitetea wenyewe.

Lakini sheria hizo zilikuwa na adui, naye alikuwa Mahakama ya Juu ya nchi. Katika mwaka wa 1923 mahakama hiyo ilitoa hukumu juu ya sheria ya ujira iliyotumika katika mji mkuu, nayo ilibatilishwa kwa kura za majaji watano dhidi ya watatu. Katika shauri hilo alikuwamo msichana wa miaka 21, jina lake Willie Lyons, mwenye kuendesha lifti katika hoteli. Alikuwa akilipwa dola 35 kwa mwezi pamoja na milo miwili kwa siku, naye aliridhika. Sheria ilipokataza ujira mdogo kama huo, hoteli ilimwachisha kazi kuliko kumwongezea. Basi huyu hakwenda mahakamani ili alipwe zaidi; alikwenda ili aruhusiwe kulipwa kidogo, maana kidogo hicho kilikuwa bora kwake kuliko kukosa kabisa.

Mwanafunzi aitazame habari hii vizuri, wala asiipite mbio. Hapa pana wanawake wawili, wote watumishi wa hoteli. Mmoja asema sheria ingemjaza mkono, na mwingine asema sheria imemnyang'anya kazi. Hakuna aliyesema uongo. Atakaye kuisifu sheria ya ujira kwa kumtaja Elsie Parrish peke yake, au kuilaumu kwa kumtaja Willie Lyons peke yake, ameifunika nusu ya kitabu kwa kiganja.

Jaji Sutherland, aliyeandika hukumu ya mwaka 1923, alitoa mfano wa sokoni. Mtu akienda kwa mwuza nyama au mwoka mikate, alisema, ana haki ya kupata chakula chenye thamani ya fedha zake, wala hana haki ya kupewa zaidi kwa sababu eti njaa yake ni kubwa. Kadhalika, kwa nini tajiri alazimishwe kulipa kwa kipimo cha mahitaji ya mtumishi, na si kwa kipimo cha kazi aliyoifanya? Mfano huo wavutia, lakini una kasoro. Mwenye kununua mkate akiona ni ghali aweza kwenda duka la pili, ama kula muhogo. Mtumishi wa Wenatchee mwaka wa 1933 angekwenda hoteli gani?

Shauri la Bibi Parrish lilifika mbele ya mahakama hiyo hiyo, na tarehe 29 Machi 1937 likakatwa kwa kura tano dhidi ya nne. Safari hii mtumishi alishinda. Jaji Owen Roberts, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa pamoja na wale walioibatilisha sheria ya jimbo la New York, alihamia upande wa pili. Watu wengi walisema aliogopa, kwa kuwa Rais Roosevelt alikuwa ametangaza nia ya kuongeza idadi ya majaji. Lakini kura za siri za majaji zilikuwa zimekwisha kupigwa mwezi wa Desemba 1936, na tangazo la Rais lilitoka Februari. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Charles Evans Hughes. Hoja yake moja yawafaa sana wanafunzi wa biashara. Mtumishi asipolipwa ujira wa kumtosha kuishi, alisema, upungufu ule hautoweki. Hulipwa na watu wengine wote kwa njia ya kodi na msaada wa maskini. Kwa hiyo tajiri anayelipa kidogo kupita kiasi hulishwa na jirani zake, hata na wale wenye biashara kama yake ambao huwalipa watu wao vema.

Jambo hili la mwisho aghalabu husahauliwa. Twazoea kudhani kwamba sheria ya ujira ni vita kati ya mtumishi na tajiri. Lakini fikirini maduka mawili ya mikate katika barabara moja. Mmoja wa waokaji apenda kuwalipa vijana wake vizuri. Wa pili awalipa nusu, auza mkate wake kwa bei ndogo zaidi, na wateja wote wamwendea. Yule wa kwanza hana budi kumwiga mwenzake au kufunga mlango. Sheria inapowafunga wote wawili kwa kamba moja, mwokaji mwema hupata nafasi ya kupumua. Ndiyo maana katika kila nchi walikuwako wenye viwanda walioziunga mkono sheria hizi, si kwa huruma tupu, bali kwa hesabu.

Baada ya hukumu hiyo njia ilifunguka. Mwaka wa 1938 Marekani ilitunga sheria ya nchi nzima, kwa wanaume na wanawake pamoja, iliyoweka kima cha senti 25 kwa saa katika viwanda na biashara zinazovuka mipaka ya majimbo. Kila jimbo lilibaki na uhuru wa kuweka kima kikubwa zaidi, lakini si kidogo zaidi. Sheria ilianza kutumika mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Sasa na tuwaendee wenye biashara wenyewe, tuone walifanya nini.

Katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas, palikuwa na kazi ya kubangua kokwa za mti uitwao mpekani. Watu wa pwani yetu wanaojua kubangua korosho watafahamu kazi hiyo ilivyo: ni ya mikono, ya kuchosha, na vumbi lake huingia kifuani. Wabanguaji walikuwa watu wa asili ya Meksiko, wapatao 12,000, na walilipwa kwa ratili. Mwanzoni mwa mwaka 1938 ujira ulipunguzwa hata senti tano au sita kwa ratili, wakagoma. Mgomo ulipokwisha, sheria mpya ikaja na senti zake 25 kwa saa, ambazo ziliuzidi mno ujira waliouzoea. Wenye kazi hiyo hawakulipa. Walileta mashine. Katika miaka michache iliyofuata wabanguaji zaidi ya 10,000 walikosa kazi.

Hapana budi kusimama hapa, maana habari hii husimuliwa mara nyingi na wanaozichukia sheria za ujira, nao huishia hapo. Jambo wasilolitaja ni kwamba mashine zile hazikuvumbuliwa mwaka wa 1938. Miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, mwaka wa 1926, kampuni kubwa ya biashara hiyo katika San Antonio ilikuwa imeziacha mashine na kuirudia mikono ya watu, kwa sababu mikono ilikuwa rahisi kuliko chuma. Basi ujira duni ulikuwa umeifukuza mashine, na ujira wa sheria ukairudisha. Je, biashara ilikufa? Haikufa. Kokwa ziliendelea kubanguliwa na kuuzwa. Walioumia ni wabanguaji, na kwao haikuwa faraja kuambiwa kwamba kazi yao haikustahili kuwako.

Habari ya pili ni ya kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani. Humo maelfu ya wanawake walifanya kazi ya sindano majumbani mwao, wakidarizi leso na nguo za kuuzwa bara. Malipo yao yalikuwa senti chache tu kwa saa. Sheria ya mwaka 1938 haikutofautisha kisiwa maskini na mji wa New York: senti 25 kwa wote. Kazi za sindano zilianguka, kwa maana hapakuwa na mnunuzi wa leso kwa bei ambayo ingemwezesha tajiri kulipa kima hicho. Mwaka wa 1940 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria, likaruhusu halmashauri za pekee ziwekwe ili zikate ujira wa kisiwa hicho kazi kwa kazi, kufuatana na nguvu ya kila biashara.

Ili kuelewa kwa nini mambo yalikwenda hivyo, natufanye hesabu ya kubuni tu. Tuseme mkahawa fulani wapata shilingi 100 za mauzo, na katika hizo shilingi 30 ni mishahara; zilizobaki ni unga, nyama, mafuta, kuni, kodi ya nyumba na faida. Serikali ikiongeza ujira kwa sehemu moja ya tano, na kila mtumishi akiwa ni wa kima cha chini, mwenye mkahawa ataongeza shilingi sita. Hizo ni nyingi, lakini si za kuvunja nyumba. Akipandisha bei kidogo na kubana faida kidogo, zitapatikana. Sasa tuseme kazi ya leso: katika mauzo ya shilingi 100, shilingi 70 ni ujira wa mikono, kwa sababu hakuna kitu kingine ndani ya leso ila kitambaa na uzi. Ujira ukizidishwa mara mbili, gharama yaongezeka shilingi 70. Hakuna bei itakayoimeza shilingi 70. Kwa hiyo anayeuliza kama kuongeza mshahara huua biashara hana budi kuulizwa maswali mawili kabla ya kujibiwa: umeongeza kwa kiasi gani juu ya ule uliokuwako, na mishahara ni fungu gani la gharama za biashara hiyo?

Kuna na jambo la tatu, nalo ni mnunuzi. Mkahawa wa mjini hushindana na mkahawa wa jirani yake, na jirani yake yuko chini ya sheria ile ile. Wote wakipandisha bei pamoja, mteja hana pa kukimbilia ila jikoni kwake. Lakini leso ya Puerto Rico hushindana na leso ya nchi nyingine isiyo na sheria hiyo. Kinyozi haogopi kinyozi wa ng'ambo. Mshonaji amwogopa mshonaji wa ng'ambo kila siku.

Miaka mingi ilipita, na ugomvi ukabaki kuwa ugomvi wa maneno kuliko wa vipimo. Vitabu vingi vya uchumi vilifundisha kwa kalamu na karatasi tu kwamba ujira ukiongezwa kwa nguvu ya sheria, watu wataachishwa kazi, kama vile bei ya samaki ikipanda samaki hupungua kikapuni. Ndipo ilipokuja habari ya jimbo la New Jersey.

Jimbo hilo liko mashariki ya Marekani, nalo limepakana na Pennsylvania kwa mto Delaware. Mwaka wa 1990 bunge lake lilipitisha sheria ya kwamba kufikia tarehe 1 Aprili 1992 kima cha chini kitakuwa dola 5 na senti 5 kwa saa. Kima cha nchi nzima wakati huo kilikuwa dola 4 na senti 25, hivi kwamba ongezeko lilikuwa senti 80, karibu sehemu moja ya tano, na New Jersey ingekuwa na kima kikubwa kuliko jimbo lolote. Lakini kati ya kupitishwa kwa sheria na siku ya kuanza kwake biashara iliharibika. Wenye biashara walilalamika kwamba mzigo huu umekuja wakati mbaya kuliko wakati wowote, na wabunge, ambao sasa walikuwa na mawazo mengine, walitaka kuugawa kwa hatua mbili. Gavana alikataa kutia sahihi. Wabunge walijaribu kumshinda kwa kura, wakapungukiwa kidogo. Basi sheria ilianza kama ilivyoandikwa.

Wataalamu wawili wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, David Card na Alan Krueger, waliona katika ajali hiyo ya siasa nafasi isiyopatikana kwa urahisi. Ng'ambo ya mto, katika Pennsylvania, ujira ulikuwa haukubadilika, na hali ya biashara ilikuwa karibu ile ile. Ni kama mkulima mwenye mashamba mawili yaliyopakana, ambaye atia mbolea moja na kuliacha la pili. Walichagua mikahawa 410 ya vyakula vya upesi, kama vile hambaga, kuku na viazi vya kukaanga, pande zote mbili za mto. Wakauliza kila mkahawa, kabla ya Aprili na tena mwisho wa mwaka: mna watumishi wangapi, mwawalipa nini mgeni wa kazi, na chakula chenu chauzwa bei gani?

Majibu yaliwashangaza watu. Katika New Jersey mikahawa ilikuwa na wastani wa watumishi 20.4 kabla ya sheria, wenye kufanya kazi nusu siku wakihesabiwa nusu, na 21.0 baada yake. Katika Pennsylvania, ambako ujira haukuguswa, walipungua kutoka 23.3 hata 21.2. Yaani pale mbolea ilipotiwa, mmea haukunyauka kama ilivyotabiriwa. Bei ya chakula, hata hivyo, ilipanda katika New Jersey kama asilimia 4 zaidi kuliko ng'ambo. Basi sehemu kubwa ya fedha zile hazikutoka mfukoni mwa mwenye mkahawa wala mwa mtumishi aliyefukuzwa, bali mwa mla viazi.

Kwa nini watu hawakuachishwa kazi? Wataalamu wametoa sababu kadhaa, nami naona moja ina nguvu kuliko nyingine. Mwenye mkahawa alipaye kidogo hana raha anavyodhaniwa. Kila mwezi mtumishi mmoja aondoka kutafuta penye senti kumi zaidi. Tajiri atafuta mwingine, amfundisha, avumilia vyombo avunjavyo, na huyo naye aondoka. Daima pana pengo jikoni. Angeweza kulijaza kwa kuongeza ujira, lakini akimwongezea mgeni itampasa awaongezee wote waliokuwako, kwa hiyo huona heri kuishi na pengo. Sheria ikimlazimisha kuwaongezea wote, zile sababu za kuliacha pengo zaondoka, na watu wabakia kazini muda mrefu zaidi. Hili si jambo la kila biashara wala la kila kima. Lakini laonyesha kwamba mfano wa samaki na kikapu ulikuwa mwepesi mno, kwa maana samaki hahami kikapu kwa kuwa amekasirishwa na bei yake.

Wala mwanafunzi asifikiri kwamba habari hiyo ya New Jersey ilipokewa kwa makofi na wote. Wataalamu wengine wawili, David Neumark na William Wascher, walitumia daftari za mishahara mahali pa maswali ya simu, wakapata kwamba kazi zilipungua. Card na Krueger walirudi na hesabu za serikali, na mwaka wa 2000 wakajibu kwamba badiliko, kama lilikuwako, lilikuwa dogo sana. Mabishano hayo yangali yakiendelea katika vyuo, na ni mabishano mazuri, kwa kuwa pande zote mbili sasa zaleta vipimo. Mwaka wa 2021 David Card alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wengine wawili. Alan Krueger alikuwa amekwisha kufariki miaka miwili kabla.

Serikali ya New Jersey yenyewe yaonekana ilijifunza jambo kutokana na kelele za 1992. Ilipoamua mwaka wa 2019 kukipeleka kima hata dola 15, haikuruka mara moja. Iliweka ngazi ya miaka, hatua baada ya hatua, ikawafikisha wafanyakazi wengi kwenye dola 15 mwaka wa 2024. Na kwa wenye biashara ndogo, wenye watumishi wasiozidi watano, na kwa kazi za msimu, ngazi ilifanywa ndefu zaidi, hata mwaka wa 2026. Mashambani zaidi ya hapo. Duka la mtu na wanawe halikupimwa kwa mizani ya kampuni yenye milango mia. Yaani Puerto Rico ya 1938 haikusahauliwa kabisa.

Habari hizi hazituhusu sisi wa Kenya kwa mbali tu. Swali la ujira unaotosha lilipata kuulizwa hapa kwa ukali katika mwaka wa 1954, wakati halmashauri ya serikali ya kikoloni, iliyoongozwa na Kamishna wa Kazi F. W. Carpenter, ilipochunguza mishahara ya Waafrika. Kima kilichokuwako kilikuwa kimekatwa kwa kipimo cha mwanamume aliye peke yake mjini, kana kwamba mke na watoto wake hawali, au wanalishwa na shamba la nyumbani milele. Hapa hoja ya Jaji Hughes yarudi katika vazi jingine: yule tajiri wa Nairobi aliyelipa ujira wa kapera alikuwa akilishwa na jembe la mama mmoja aliyeachwa kijijini. Halmashauri ilipendekeza kima kipandishwe hatua kwa hatua hata kimfae mtu mwenye jamaa. Wenye mashamba na viwanda walinung'unika, kama walivyonung'unika wenzao wa Wenatchee na San Antonio.

Siku hizi kila Mei Mosi wafanyakazi hukaza masikio kusikia Rais atasema nini. Mwaka wa 2024, kwa mfano, ilitangazwa nyongeza ya asilimia 6. Wenye biashara nao husikiliza, kila mmoja na kalamu yake. Amri zetu za mishahara hazitoi tarakimu moja kwa nchi nzima. Zina safu moja kwa miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, nyingine kwa miji ya kadiri, na ya tatu kwa mahali penginepo, na kazi za mashamba zina amri yao. Mlinzi wa usiku wa Mombasa na mlinzi wa usiku wa mji mdogo wa bara hawako katika mstari mmoja, maana wala kodi ya chumba haiko katika mstari mmoja.

Lakini yako mambo ambayo hesabu za New Jersey haziwezi kutueleza. Kule, karibu kila mkahawa una daftari la mishahara ambalo mkaguzi aweza kulifungua. Hapa kwetu, ukiacha ukulima mdogo, zaidi ya watu wanane katika kila kumi wenye kazi wamo katika shughuli za jua kali: wachomeleaji, wauza mitumba, mafundi viatu, wapika chapati kandokando ya barabara. Kijana asaidiaye katika kibanda cha namna hiyo hana barua ya kuajiriwa, na tajiri wake aghalabu ni mjomba wake, ambaye naye siku nyingine hufunga kibanda akiwa hana zaidi ya nauli ya matatu mfukoni.